Grisi Niliyoisugua kwa Jivu

Sisi tuliokulia Kwa Vonza kabla lami haijatufikia tulijua kusugua kabla ya kujua kusoma. Sufuria tulizisugua kwa jivu na nyuzi za mkonge mpaka ukajiona uso. Visigino tulivisugua kwa jiwe, na kila Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe na maji kwenda shule tukapaka sakafu ya darasa, kila mtoto na kipande chake. Mwalimu akikuta ufa kwenye kipande chako, unarudia peke yako wenzako wakicheza. Siku hizi nikimwambia mpwa wangu aoshe kikombe, ananiuliza sponji iko wapi.

Mimi nilikuwa kitinda mimba wa mzee Musyoka, ndiyo maana nikaitwa Kanini, yaani mdogo. Wakubwa zangu walikuwa na sifa zao za masomo na mbio. Yangu ilikuwa kusugua. Mama akipata wageni alinionyesha kama mtu anavyoonyesha mbuzi wa maziwa. "Mkono wa huyu hauachi doa," alisema, nami nikashinda siku nzima nikitafuta kitu kingine cha kusugua. Mama aliamini kwamba mgeni huanza kula kwa macho, na kwamba nyumba ikiwa na masizi hata muthokoi, yale mahindi ya kukoboa tuliyopika na maharagwe, ukiiva vipi hauna ladha.

Baba alikuwa na pikapu. Ilikuwa nyeupe siku aliyoinunua kwa mkandarasi wa visima, lakini sisi tuliijua ikiwa na rangi ya barabara. Ilivuta kwa magurudumu yote manne, na kwa sababu hiyo ilikuwa ya kila mtu. Ilibeba ndengu kwenda sokoni, mitungi ya maji wakati wa kiangazi, kwaya, wajawazito, na mara moja fahali aliyekataa kuteremka mpaka jioni. Tulijua mlio wake tukiwa darasani. Ikipita, mimi na binamu zangu tulinyoosha shingo pamoja, na mwalimu akatuambia baba yenu hajatoroka, andikeni.

Fundi wa pikapu hiyo alikuwa Nzioka, rafiki ya baba tangu shule ya msingi. Banda lake la mabati lilikuwa kando ya soko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Methali yake ilikuwa moja tu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliitumia kwa kila kitu kuanzia rediata hadi ndoa. Hakukuruhusu uondoke na gari kabla hajaliendesha mwenyewe, dirisha wazi, kichwa nje, akisikiliza. Baba alimwamini kiasi kwamba ufunguo wa pili wa gari ulikaa kwa Nzioka, si kwa mama.

Ugonjwa wa pikapu yetu ulikuwa buti za ekseli. Nieleze kwa wale ambao gari kwao ni kukaa nyuma na kubonyeza simu. Ekseli ya mbele hupeleka nguvu kwenye gurudumu, na kwa kuwa gurudumu lazima likate kona, pana kiungo mwishoni, kama goti. Ndani ya kiungo hicho kuna gololi za chuma, na gololi hizo huishi kwa grisi. Buti ni mpira laini wenye mikunjo unaofunika kiungo, grisi isitoke, mchanga usiingie. Mpira ukichanika, grisi hurushwa nje kila gurudumu linapozunguka na vumbi huingia mahali pake. Kwetu vumbi halijawahi kuwa adimu.

Sasa baba yangu mdogo, Mutua, alikuwa amepata mchumba upande wa Mbumbuni, msichana aliyeitwa Mwende. Kwa desturi yetu Wakamba, huwezi kusema una mke kabla hujapeleka ntheo, wale mbuzi watatu wa kwanza. Ufunge harusi kanisani, uzae watoto saba, bila ntheo bado wewe ni mgeni kwa wakwe zako. Babake Mwende alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa saa. Alitutumia neno kwamba mbuzi wafike kabla ya saa sita mchana Jumamosi, wazee wake watakuwa wamekaa.

Wiki hiyo baba aliipeleka pikapu kwa Nzioka. Buti zote mbili za mbele zilikuwa zimechanika na mpya zilibidi ziagizwe Nairobi. Nzioka akafanya lililowezekana. Akajaza viungo grisi mpya, akafunga buti zilizochanika kwa vipande vya tyubu kuukuu, mzunguko juu ya mzunguko, akakaza kwa waya. Akamwambia baba itafika Mbumbuni na kurudi, mradi pale alipofunga pasiguswe. Baba alisikia. Sisi nyumbani hatukuambiwa kitu, kwa sababu mambo ya gari yalikuwa ya wanaume na mambo ya usafi yalikuwa yetu.

Ijumaa mchana mama aliita wanawake wa mwethya wake, wale waliokuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, waje waoshe pikapu. Gari la ntheo haliwezi kufika kwa wakwe na matope. Waliiosha wakiimba nyimbo za kanisani, mmoja juu ya bodi, wawili kwenye milango, maji yakichuruzika mpaka kuku wakakimbia. Kisha mama akainama, akatazama chini ya gari, akasikitika. "Kanini, ingia huko. Wewe ndiye unatosha. Wakwe wasione uchafu hata chini."

Niliingia na sufuria ya jivu, kopo la maji na nyuzi zangu za mkonge. Nakumbuka harufu ya chini ya lile gari, chuma na mafuta na udongo uliolowa, na miguu ya wanawake ikipita huku na huku. Niliyakwangua matope yote. Halafu, nyuma ya gurudumu, nikaona kitu kilichonichukiza kabisa. Ilikuwa bonge la mpira lililofungwafungwa waya, jeusi, linanata, limeshika majani na nywele za mbuzi. Nikadhani ni takataka iliyojisokota huko. Nikafungua waya. Nikazungusha mpira mpaka ukaisha, na chini yake nikakuta mpira mwingine uliopasuka, na ndani yake uchafu mweusi ambao sikuwahi kuona mfano wake. Niliuchota kwa vidole. Nikamwaga maji, nikaingiza jivu, nikasugua, nikamwaga tena, mpaka gololi zikang'aa kama kijiko cha harusi. Kisha nikahamia upande wa pili nikafanya vivyo hivyo. Sijawahi tena kufanya kazi kwa bidii namna ile.

Vile vipande vya tyubu sikuvitupa. Vilikuwa virefu, vinavutika, na sisi wasichana tulikuwa na shida ya blada. Kwa waliosahau, blada ni mpira unaofungwa ukawa duara, wawili wanauvuta kwa miguu na wa tatu anaruka, kwanza kwenye vifundo, halafu magoti, kiuno, kwapa, mpaka kichwa. Gauni ulilisokomeza kwenye chupi na haya ukaiweka kando. Niliviosha vipande vile kwa sabuni, nikaviunga, na jioni hiyo hiyo niliruka hadi kwapa. Binamu zangu waliniuliza nimetoa wapi blada nzuri hivyo. Nikasema nimeokota.

Asubuhi tuliondoka mapema. Mbele walikaa baba, mama, na baba mdogo Mutua aliyevaa koti la kuazima. Nyuma tulikaa wazee watatu, wale mbuzi, na mimi, niliyeruhusiwa kwenda kama tuzo ya kuosha gari. Nilikaa nimejivuna. Njiani pikapu ikaanza kulia kila ilipokata kona, kak kak kak, kama mtu anayevunja mahindi makavu. Baba akasimama, akainama, akasikiliza, akatazama saa, akaendelea. Yeye aliyetufundisha kwamba gari ni kama ng'ombe, likilia usimame, siku hiyo aliendelea kwa sababu ya saa sita.

Tulipofika kwenye mto wa mchanga, baba akaweka gia ya magurudumu yote manne. Katikati ya mto pikapu ikapiga kishindo kimoja, ikakaa. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala upande. Baba akavua koti, akalala chini kwenye mchanga akiwa na shati lake la kanisani. Alikaa huko muda mrefu, na asipoviona vile vipande vya tyubu alidhani vimeng'oka njiani. Alipotoka alikuwa ameshika gololi moja, kavu, yenye mikwaruzo, na alisema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Hii haina grisi. Nzioka hakuweka grisi."

Nilielewa hapo hapo. Nilikuwa na umri wa kuelewa, msinidhanie mjinga. Niliangalia mikono yangu, kucha bado zikiwa na weusi ambao hata jivu halikuutoa, nikaificha chini ya gauni.

Mbuzi walitembezwa kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na mmoja wao, beberu, alilala kila penye kivuli. Tulifika Mbumbuni saa tisa alasiri. Wazee wa Mwende walikuwa wamekula, wakaomba, wakatawanyika. Babake alitupokea kwa heshima, akatupa uji, kisha akatuambia turudi na mbuzi wetu baada ya mavuno. Mvua ya msimu ule haikunyesha, mavuno hayakuwepo, na Mutua alingoja karibu mwaka mzima akiwa na roho mkononi, akihofia Mwende atapewa mwingine. Walioana hatimaye. Wako na wajukuu leo, kwa hiyo hilo silihesabu kuwa deni langu kubwa.

Deni langu ni Nzioka. Siku ya soko iliyofuata baba alisimama mbele ya lile banda la mabati, mbele ya wanunuzi wa ndengu na wauza mbuzi, akasema kwa sauti: "Nzioka ameniachia gololi kavu bila grisi. Ameniaibisha kwa wakwe. Mwenye gari lake ajue." Soko lilinyamaza. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama, namwona Nzioka amesimama na kitambaa chake. Alijibu neno moja tu. "Niliweka." Baba akamtupia ile gololi, akageuka akaondoka.

Enzi zile soko lilikuwa redio yetu, gazeti letu na mahakama yetu. Ukitajwa pale asubuhi, jioni umetajwa hadi Kyuso. Magari yaliacha kusimama pale bandani, moja moja. Kabla ya Krismasi Nzioka alifunga mabati yake kwenye mkokoteni akahamia Mbumbuni, kwa ndugu wa mkewe. Ufunguo wa pili wa pikapu aliurudisha kwa mama bila hata kuingia ndani. Mimi nilikuwa nje naruka blada. Nilimwona, nikaendelea kuruka.

Mama alifariki bila kujua. Sikumwambia kwa sababu ningemtia hatiani na yeye ndiye aliyenituma. Baba sikumwambia kwa sababu ya fimbo, halafu fimbo ilipoisha sikumwambia kwa sababu ya kitu kingine ambacho sikukitafutia jina.

Pikapu bado ipo. Baba sasa ni mzee wa mkongojo na haendeshi tena, ila hataki iuzwe. Mimi ndiye naiendesha, mwalimu mstaafu mwenye miwani, na vijana wa pikipiki hunipungia mkono wakidhani nimepotea. Mwezi uliopita niliinama nikaona grisi imerushwa ndani ya gurudumu. Buti zilikuwa zimechanika tena, zote mbili. Siku hizi mpya hupatikana mjini Kitui, unachukua ukisubiri chai. Nilizinunua, nikaziweka kwenye kiti, nikamwambia baba tunakwenda Mbumbuni kumsalimia Mutua, ambaye alijenga huko kwa wakwe zake. Hilo lilikuwa kweli nusu.

Baba alipoona kibao cha gereji chenye jina la Nzioka, alijua nimemleta wapi. "Gari yangu haiguswi na huyo," alisema, na hakushuka.

Nzioka alitoka. Amekonda, nywele nyeupe, lakini kitambaa begani ni kile kile, au ndugu yake. Alimtazama baba kupitia kioo, akanitazama mimi, akaona buti mpya mkononi mwangu. Alizunguka mbele ya gari, akainama kwa taabu. "Hizi zimeisha," alisema. "Mzee ashuke tuweke jeki. Hatuinui gari ikiwa na mtu."

Baba alishuka kwa sababu ya sheria ya jeki, si kwa ajili ya Nzioka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama barabarani. Nzioka aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua, akatoa tairi, akafungua nati kubwa ya katikati kwa bomba refu. Nilimshikia taa ya simu. Alivuta ekseli nje, akakata buti kuukuu kwa kisu, akapangusa grisi chafu, kisha akatia kiungo kwenye beseni la mafuta ya taa na kukisugua kwa brashi mpaka gololi zikang'aa.

Nilipoziona zinang'aa sikuweza tena. "Baba," nilisema, "ile grisi ya safari ya ntheo niliitoa mimi."

Nilisema yote, jivu, maji, waya, hata blada. Nilisema nikiwa nimeshika simu inayomulika. Baba hakugeuka haraka. "Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa."

"Na ulipoacha kuniogopa?"

Nililia, mtu mzima na mvi zangu.

Nzioka alikuwa ameacha kusugua. "Ulisema jivu?" aliniuliza.

"Jivu la jikoni."

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo. "Musyoka," alimwambia baba, "ile gololi ulinitupia siku hiyo, niliiangalia. Ilikuwa na kitu kijivu. Sikujua ni nini. Nilidhani grisi yangu ilikuwa mbovu, imegeuka hivyo. Nilitupa mkebe mzima. Mpaka leo, kila mkebe nikifungua, ninachukua kidogo naweka kwa jua kwanza nione kama itageuka." Alitikisa kichwa. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali ni mimi."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Siku zote nilidhani nimemnyang'anya wateja tu.

Kisha Nzioka akafungua mkebe mpya. Alichovya kidole, akakiinua juani kwa mazoea, akajikamata, akakishusha. Akaanza kujaza grisi ndani ya kiungo kwa vidole, taratibu, kama mama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Akavisha buti, akakaza klipu kubwa na ndogo, akarudisha ekseli, akahamia upande wa pili. Baba alisogeza kiti chake karibu. Mara moja alimpa spana bila kuombwa.

Kazi ilipoisha baba alisema, "Si lazima uijaribu?"

"Lazima."

"Basi ijaribu mpaka Kwa Vonza. Leo ni soko."

Nzioka alimtazama. "Waliosikia wengi wako kaburini, Musyoka."

"Watoto wao wako."

Nzioka aliendesha, dirisha wazi, kichwa nje. Baba alikaa katikati na mimi mlangoni. Kwenye mto wa mchanga kuna daraja siku hizi, tulivuka. Gari halikulia hata kwenye kona.

Sokoni baba alitafuta mahali lile banda lilipokuwa. Pana duka la simu na spika inayopiga muziki mlangoni. Alisimama hapo na mkongojo wake, Nzioka ubavuni, akavua kofia. Akasema kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, "Mimi Musyoka nilisema hapa Nzioka hakuweka grisi. Nilisema uongo. Aliweka."

Enzi zetu soko lingenyamaza. Neno moja la baba, la uongo, lilimhamisha mtu na nyumba yake. Sasa alisema kweli na spika ikaendelea. Kijana mmoja aliinua macho kwenye simu, akaona wazee wawili, akayarudisha. Mama mmoja muuza ndengu aliuliza kama tunanunua au tunazuia njia. Nilitamani kuizima ile spika. Nilitamani wale wote waliosimama pale siku ile, na mama akiwemo, wainuke wasikie.

Baba alidhani hajasema kwa nguvu ya kutosha. Alivuta pumzi aanze tena, na Nzioka akamshika mkono.

"Inatosha," alimwambia. "Mimi nimesikia."